Pumzi ya Watu: Kusoma Good Company Ukiwa Kyela

Nina jambo la kukiri kabla sijaanza. Katika miaka yangu ya kuandika habari nimetumia maneno "wananchi wenye hasira kali" mara nyingi mno. Kila mwandishi wa Tanzania anayajua. Mtu katuhumiwa wizi, kapigwa, polisi wamefika wakakuta ameshakufa. Sisi tunaandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Mhariri anaridhika, habari inatoka, na ukiisoma vizuri utaona kwamba hakuna mtu aliyefanya chochote. Limefanya kundi.

Sentensi hiyo ilianza kunionea haya nikiwa likizo Kyela, nyumbani kwa mama mdogo, nikisoma kitabu chenye umri mkubwa kuliko wa mama yangu. Kinaitwa Good Company, kimeandikwa na Monica Wilson, Mwafrika Kusini, na kilichapishwa mwaka 1951. Yeye na mumewe, Godfrey, walikaa kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, katika bonde linaloshuka kutoka milima ya Rungwe hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akabaki na madaftari ya wote wawili, akaandika peke yake.

Kitabu kinahusu jambo ambalo vijana wengi wa Kyela leo wanalisikia kama hadithi: vijiji vya rika. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi au kumi na moja alihama nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda pembeni na wenzake wa umri mmoja. Chakula bado kilipikwa na mama, lakini hakukila peke yake. Kundi zima lilizunguka, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakikua wakaoa, walibaki pamoja, na kibanda cha utotoni kikawa kijiji cha watu wazima. Baadaye, katika sherehe kubwa iliyofanyika takriban mara moja kwa kila kizazi, wazee walikabidhi utawala kwa kizazi cha watoto wao. Kwa hiyo jirani yako wa maisha hakuwa kaka yako wala baba yako. Alikuwa mwenzako.

Wanyakyusa waliliita tunda la maisha hayo *ukwangala*, na ndilo lililozaa jina la kitabu. Ni kukaa vizuri na wenzako: kula pamoja, kunywa pamoja, kuongea hadi akili ipevuke, kusaidiana. Wilson analieleza kwa upendo, na ukiwa umekaa na wazee kibarazani Kyela, mazungumzo yakienda polepole kutoka bei ya kokoa hadi mambo ya ukoo, unamwelewa kabisa.

Ila kitabu hiki kisingestahili kusomwa tena kama kingeishia hapo. Ukurasa baada ya ukurasa unaanza kuona kwamba chini ya ule ukarimu kuna hofu. Mla peke yake alishukiwa uchawi, na wachawi walisemekana kubeba chatu tumboni, chatu mwenye uchu wa nyama na maziwa. Aliyefanikiwa kuliko wenzake alijua anatazamwa. Na juu ya yote kulikuwa na kitu walichokiita *embepo sya bandu*, pumzi ya watu. Kijana akimtukana mzazi wake, au mtu akifanya shughuli bila kuwachinjia majirani kama inavyopasa, watu walinung'unika usiku majumbani mwao. Hawakumgusa. Waliongea tu. Iliaminika kwamba manung'uniko hayo yalimfikia mkosaji kama ubaridi, akaugua.

Nilimsimulia mama mdogo. Akacheka, akaacha kupeta mchele. "Hayo ndiyo wameyaandika Wazungu? Mwanangu, wewe kosa misiba miwili tu hapa, utajua."

Hakuwa anatania. Rika halijengi tena vijiji, lakini pumzi ipo. Ipo kwenye daftari la michango ya msiba, ipo kwenye kikoba, ipo kwenye kundi la simu la ukoo ambapo majina ya waliotoa yanapangwa kwa namba na jina lako halionekani. Hakuna anayekulazimisha. Unatoa.

Kwa bahati, mwaka ule ule wa 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alichapisha matokeo ya jaribio lililokuja kuwa maarufu. Alimweka kijana mmoja kati ya wengine walioelekezwa mapema kudanganya kwa pamoja, akawauliza ni mstari upi unaolingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kwa mwenye macho. Hata hivyo, takriban watatu katika kila wanne walilifuata kundi katika kosa angalau mara moja. Lakini mtu mmoja tu mwingine akisema ukweli, nguvu ya kundi ilipungua sana.

Asch anatuonyesha mtu akiinamia kundi la watu asiowajua, kwa dakika chache, katika jambo lisilo na madhara. Kwa Wilson kundi ni watu utakaoishi nao hadi kaburini. Ndiyo maana naona kitabu chake kinafika mbali zaidi, na kinafika mbali hasa kwenye jambo moja ambalo wasomaji wengi wanalipita haraka.

Jambo lenyewe ni hili: pumzi ya watu ilikuwa na wenyewe. Mkosaji alipougua na sababu ikajulikana, alichinja, akawaita majirani, wakala. Na wao walipaswa kukiri kwamba kweli walikasirika. Katika kitabu hiki na vile vilivyofuata kuhusu matambiko, Wilson anarudi mara kwa mara kwenye wazo hilo: kwa Wanyakyusa, hasira iliyofichwa ndiyo ya hatari, na hasira iliyosemwa mbele ya mwenyewe inaweza kuisha. Kundi liliadhibu, lakini baadaye lilipaswa kugeuka watu tena. Mimi nilikasirika. Na mimi pia.

Sasa rudi kwenye sentensi yangu ya gazetini. Wananchi wenye hasira kali hawana siku ya kukiri. Hasira yao haina mwenyewe. Kesho yake mmoja anauza vocha, mwingine anaendesha bodaboda, na familia ya marehemu inanunua vocha na kupanda bodaboda.

Tena usidhani siri inamwokoa mtu kila mara kutoka kwenye kundi. Mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali iliitisha kura za siri katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ziwa lile la Victoria, ili wananchi wawataje wanaowashuku. Nia ilieleweka: mtu aseme bila kuogopa. Lakini karatasi isiyo na jina inamlinda mwoga anayejua ukweli na pia mwenye kinyongo anayezua uongo. Manung'uniko yanabaki, wenyewe wanapotea.

Nisimpambe Wilson kupita kiasi. Ukwangala wake ni wa wanaume. Mwanamke aliingia katika kijiji cha rika kwa kuolewa, akatakiwa kumkwepa baba mkwe wake, asikutane naye wala kutaja jina lake. Akivunja mwiko, pumzi ilimwangukia pia. Yeye alikuwa mwenza wa nani? Wilson aliligusa swali hilo kwa upana zaidi katika For Men and Elders, mwaka 1977. Hapa, jina la kitabu ni jema kuliko kitabu chenyewe.

Pia anakiri jambo linalotikisa mpango mzima: kile ambacho majirani walikiita pumzi ya haki, upande wa mgonjwa ungeweza kukiita uchawi. Nani aamue? Walio wengi, bila shaka. Hapo ndipo mtu wa pekee, mwenye ng'ombe wengi au mwenye mdomo mkali, alipokosa pa kukimbilia, labda ahame.

Hata hivyo nilipofunga kitabu sikutamani kijiji cha rika. Nilitamani ile sehemu ya kukiri tu. Niliporudi kazini nilipata habari ya kijana aliyepigwa hadi kufa. Vidole vikaandika maneno yale yale, vikayafuta. Nikampigia tena mtu wangu wa eneo lile, nikamuuliza walikuwa wangapi, nani alipiga kelele ya kwanza, kama kuna aliyesema waacheni.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kaka, na mimi nilikuwepo."