Mwalimu Mgeni na Macho ya Mtaa

Maandishi ya walimu waliovuka bahari kwenda kusomesha Kiingereza nchi za watu yana kilio kimoja kisichochuja: kutazamwa. Mwandishi anaingia Kariakoo, anapita Mtaa wa Msimbazi, na kila baada ya hatua tatu anaitwa "Mzungu!". Bei inapandishwa akisikia, watoto wanataka kumgusa nywele. Kurasa nyingi za namna hii nilizobahatika kuzisoma zinakomea hapo, kana kwamba kuonekana ni msiba uliomshukia yeye peke yake.

Nakiri kwamba kutazamwa kunachosha. Lakini mchuuzi wa Kariakoo humwita kila mpita njia kwa anachokiona: mama, bosi, mjomba, dada mwenye buibui. Mwito ni ndoana ya biashara. Na jina la mahala penyewe ni somo la Kiingereza ambalo mji ulikwisha kujifunza kwa namna yake. "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilipiga kambi pale. Kinywa cha Mswahili kikalitafuna jina hilo hata likawa Kariakoo. Mwalimu mgeni anapita chini ya jengo la Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, bila ya kusikia lugha yake ikimsalimu.

Aliyeandika kwa ukali kuliko wengi ni Paul Theroux, Mmarekani aliyesomesha Malawi, kisha Makerere katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la *Transition* la Kampala insha iitwayo "Tarzan Is an Expatriate". Hoja yake ilimchoma mgeni mwenzake: mtu wa kawaida kwao, akifika Afrika anakuwa mkubwa kwa rangi yake tu, na starehe hiyo ndiyo inayomweka. Ni insha ya kijasiri, na ninaisifu. Ila hata humo Mwafrika ni pazia nyuma ya jukwaa. Anayechezewa taarabu ni mgeni, hata anapotukanwa.

Sasa, msomaji mpenzi, tugeuze jahazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kusomesha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Kabla yake alikuwako Amur bin Nasur, Mzanzibari, tangu 1891 hadi 1895. Hawa nao walikuwa walimu wa lugha ya mama yao, na rangi zao zilitangulia mbele yao katika kila njia waliyopita. Mtoro alioa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurejea kwao pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni iliyokaa Dar es Salaam iliwakatalia kushuka pwani. Alirudi Ujerumani, akasomesha tena Hamburg kwa miaka kadhaa, na akafia Berlin mwaka 1927.

Sifa waliyoajiriwa kwayo ni ileile: kuzaliwa na lugha. Sifa hiyo katika Dar es Salaam ya leo humfungulia mgeni milango ya skuli za kulipia, hata kama hajapata kuchambua sentensi. Na mwalimu wa hapa, aliyekesha na sarufi, husubiri barazani. Berlin sifa hiyohiyo ilimweka Mtoro chini ya wataalamu waliojifunza Kiswahili ukubwani. Kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, ambacho sehemu yake kubwa ilitoka kwake, kilichapishwa mwaka 1903, na jina la mbele lilikuwa la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipopandishwa kwenye jalada. Miaka 78.

Wengi hukisoma kitabu hicho kama ghala la mila. Mimi, niliyejifunza kufasiri bila ya darasa, hukisoma kama maandishi ya mgeni. Mtu yuko katika mji wa baridi, anatazamwa, halafu anaandika kuhusu uzazi, jando, harusi, ngoma, pepo, mazishi, kwa sentensi fupi zilizotulia, na yeye mwenyewe hayumo. Hakuna "mimi" anayelalama. Wapo watakaosema kwamba hakuwa na hiari, kwani aliandika alichotakiwa na waliomlipa, na ni kweli. Lakini utaratibu wa maneno ni wake. Anayeeleza namna ya kumwingiza bwana harusi nyumbani, bila ya kuruka hatua hata moja, anaionesha pwani kwa watu wasioijua, na pengine anajionesha mwenyewe njia ya kurudi. Hapo ndipo nathari yake inapowashinda hawa wa Mtaa wa Msimbazi: wao wametazamwa wakaandika macho, yeye ametazamwa akaandika watu.

Maisha ya Mtoro yameelezwa vizuri na Ludger Wimmelbücker katika kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Mchuuzi wa Kariakoo anayetaka kumjua mwalimu huyo wa Kiswahili itambidi kwanza amtafute mwalimu wa Kiingereza.