Ruti na masasisho: ahadi ni nzuri, lakini nani anailipa?

Kuna maneno ambayo wanafunzi wa informatiki hapa Goma wanapenda sana kuambiana: «Weka ruti kwa simu yako, usiogope, masasisho ya kampuni yataendelea kuingia kama kawaida.» Ukiyasikia mara ya kwanza, unafurahi. Nani hataki vyote viwili? Unakuwa bwana wa simu yako, unafuta zile programu za bure zinazokula nafasi, unazuia matangazo, na bado mtengenezaji anakutumia mizajuru zake kama mtoto mzuri.

Tuyapime hayo maneno, juu yana ukweli ndani, na njo maana yanadanganya watu wengi.

Kwanza tuelewane. Simu ya Android inauzwa ikiwa na mlango mmoja mwenye simu asioweza kufungua: mlango wa mamlaka yote. Kuweka ruti ni kujipa ufunguo wa ule mlango. Zamani, kufika pale ilibidi uandike kitu ndani ya mfumo wenyewe, ile sehemu kampuni iliyoiweka. Na tangu Android 5.0, sasisho linapoingia halibadilishi faili moja moja tu. Linapima vipande vya mfumo jinsi vilivyotoka kiwandani. Ikiwa umegusa hata kipande kimoja, hesabu haitoki, sasisho linakataa. Kwa hiyo wakati ule jibu lilikuwa rahisi: chagua ruti ama chagua masasisho.

Halafu mwaka 2016 mambo mawili yalibadilika. John Wu, kijana wa Taiwan aliyekuwa bado mwanafunzi, alitoa Magisk. Akili yake ilikuwa hii: usiguse mfumo, gusa tu ile sehemu ndogo inayoamsha simu, na mengine yote yapandishwe juu kama shuka juu ya kitanda. Ukiondoa shuka, kitanda kiko vile kilivyokuwa. Mwaka uleule, Android 7.0 ikaleta vyumba viwili, A na B. Simu inaishi katika chumba A, sasisho linajengwa polepole katika chumba B, na ukiizima na kuiwasha, inahamia B. Ukiunganisha hayo mawili, unapata ile ahadi: unarudisha sehemu ya kuamsha jinsi ilivyokuwa, unaacha sasisho liingie, na kabla hujawasha upya unaiambia Magisk iweke ruti katika kile chumba kingine. Simu inaamka ikiwa na sasisho na ruti pamoja.

Kwa hiyo ndugu zetu hawasemi uongo. Inawezekana. Shida iko kwa neno moja: «kama kawaida». Hakuna kawaida pale. Kila sasisho linakuwa kazi ya mikono, hatua kwa hatua, kwa mpango usiobadilika. Ukisahau hatua ya kurudisha, sasisho linakataa. Ukibonyeza kuwasha upya mapema, ruti inapotea na unaanza tena. Na hiyo ni kwa simu yenye vyumba viwili. Kwa simu ya zamani yenye chumba kimoja, maelezo ya Magisk yenyewe yanakiri kwamba hakuna njia nzuri: unashusha mfumo mzima, unaurekebisha, unauingiza tena kwa kompyuta.

Tuongee sasa mega, juu hapa njo tunaumia. Sasisho dogo la mwezi linaweza kuwa mega mia na kitu. Mfumo mzima ni giga kadhaa. Mwanafunzi wa UNIGOM ama wa ULPGL anayenunua forfe ya siku anajua giga tatu ni nini. Anayeambiwa «ni bure, ni dakika kumi» anapashwa kuuliza: bure kwa nani?

Kuna pia simu zenyewe. Ili uanze, mtengenezaji anapashwa kukubali ufungue butloda, kile kiprogramu kinachoamka cha kwanza na kukagua kama mfumo ni halali. Karibu kila simu inafuta vitu vyako vyote siku unapoifungua: picha, memwa, namba, kila kitu. Samsung wao wameweka alama ndani ya chombo: ukiingiza mfumo usio wao, alama ya Knox inageuka na hairudi nyuma hata urudishe kila kitu. Folda ya siri haifanyi kazi tena, na masasisho ya moja kwa moja yanakoma. Kwa hiyo kumwambia mwenye Samsung kwamba mizajuru «zitaendelea kuingia» ni kumpotosha kabisa. Na Samsung ziko mingi mikononi mwetu, mpya na zile zilizotumika zinazofika kutoka Dubai.

Wengine wanajibu: «Sawa, lakini simu ni yangu, niliinunua kwa jasho.» Hoja hiyo naiheshimu. Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tuna haki ya kuisema kuliko wengi, juu koltani ya Rubaya, kule Masisi, iko ndani ya simu za dunia nzima. Inauma kuona chombo kinatoka na udongo wa kwetu halafu kinarudi kimefungwa, na ufunguo umebaki kwa mtu mwengine. Lakini hasira ya haki haifanyi ushauri mbaya kuwa mzuri. Swali ni hili: ukishapata ule ufunguo, nani mwengine anaweza kuuokota?

Chukua kesi ya Tecno W2. Agosti 2020, watafiti wa Secure-D, tawi la kampuni ya Upstream, walieleza kwamba simu hizo zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na virusi viwili, Triada na xHelper, vilivyoingia kabla mnunuzi hajafungua katoni. Vilikuwa vinawaandikisha watu kwa huduma za kulipia bila wao kujua. Yuniti zinaliwa, mega zinaliwa, na mwenye simu anafikiri ni mtandao unaomwibia. Kufuta simu na kuanza upya hakukusaidia, juu xHelper ilikuwa inarudi. Transsion, kampuni yenye Tecno, Infinix na itel, ilisema mkosaji ni mtu wa katikati katika mnyororo wa watengenezaji, na kwamba dawa ilishatolewa. Dawa hiyo ilipita wapi? Ilipita kwa sasisho rasmi.

Soma tena hapo. Virusi vilikuwa na mamlaka ambayo mwenye simu hana, na kilichoweza kuviondoa ni ile mizajuru tunayoidharau. Mtu aliyeweka ruti halafu akaacha masasisho kwa sababu ya uchovu, ama kwa sababu forfe iliisha, anabaki na mlango wazi na mlinzi aliyekwenda nyumbani. Programu moja mbaya ikiomba ruti na yeye akabonyeza «kubali» bila kusoma, inasoma ujumbe wake wote, na namba za siri za muda ndani.

Na hapa Goma pesa ziko wapi leo? Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipochukua muji, benki zilifunga milango na watu wakabaki na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Karo, bei ya unga, msaada wa ndugu aliye Kinshasa ama Nairobi, vyote vinapita kwa simu. Programu nyingi za pesa na za benki zinakagua kama simu imefunguliwa, na zikikuta imefunguliwa zinaweza kukataa kuwaka. Kweli, kodi za nyota na reli zinaendelea, juu zinapita kwa kadi ya SIM na hazijali ruti. Lakini simu iliyokwama kwenye nembo, inawaka na kuzima bila kuamka, haipigi kodi yoyote. Tunakumbuka Mei 2021, wakati Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na siku tano baadaye watu wakaambiwa wahame kuelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi. Wakati kama ule simu iliyokufa ni hatari ya kweli.

Mimi sipingi ruti. Ninapinga kuiuza kama dawa ya kila ugonjwa. Ukimuuliza mtu anayeitaka, mara nyingi anataka vitu vitatu. Anataka kuondoa programu za kiwandani: hiyo inafanyika kwa kompyuta na waya, amri ya adb inaziondoa kwa mtumiaji bila ruti yoyote, na mfumo unabaki mzima. Anataka kuzuia programu zisile mega: NetGuard inafanya kazi hiyo bila ruti. Anataka simu yake ya zamani iendelee kuishi: hapo hatafuti ruti, anatafuta masasisho, na kwa simu zinazokubali, LineageOS inayatoa wakati kampuni imeshaacha, na haiji na ruti ndani. Anayebaki baada ya hayo matatu ni yule anayesoma usalama wa mifumo, anayetengeneza programu, anayetaka kujifunza. Huyo aweke, kwa simu ya pili, ile isiyobeba pesa zake wala za mama yake. Hata John Wu mwenyewe, mwaka 2021, aliingia kazini Google katika kikosi cha usalama wa Android. Anajua ufunguo na anajua kufuli.

Lakini lawama kubwa siwatupii vijana. Kwa nini kijana wa Majengo ama Ndosho anafika kutafuta ujanja huu? Juu simu ya bei ya chini inauzwa hapa, inapata sasisho moja ama mbili, halafu kimya. Kule Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria inamlazimisha mtengenezaji atoe masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuza aina ile ya simu. Samsung na Google zilishaahidi miaka 7 kwa simu zao za bei kali. Kwetu, Serikali ilipojishughulisha na simu zetu ilikuwa RAM, ule mfumo uliokata yuniti za watu kuanzia 2020 mpaka ulipofutwa mwanzo wa 2022. Walisema ni kwa kutulinda na simu za bandia. Tulilipa. Hakuna aliyeuliza kama simu «halali» itapata masasisho hata mwaka mmoja.

Hapo njo pa kusukuma, sisi tuliosoma. Unapoenda kununua, usiulize kamera ina mega ngapi tu. Uliza itapata masasisho mpaka mwaka gani, na butloda inafunguka ama haifunguki. Angalia kwa mipangilio tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama: ikiwa ni ya miaka miwili nyuma, bei ishuke ama uiache mezani. Muuzaji akisikia swali hilo mara hamsini kwa wiki, atalibeba mpaka kwa anayemletea mzigo.

Na kwa ndugu mafundi: anayekuja kwako kuomba ruti, mwambie yote. Mwambie vitu vyake vitafutika, mwambie programu ya pesa inaweza kukataa, mwambie kila mizajuru itakuwa kazi. Akisikia yote na bado anataka, mfanyie vizuri na umfundishe kuitunza. Ukimficha ili upate zile dola tano, siku simu itakapokwama ni yeye atakayelala bila pesa ya chakula.