Uzee wa Mkamba: Miaka au Daraja?

Gerhard Lindblom, katika The Akamba in British East Africa (1920), aliueleza uzee kwa daraja: anake, nthele, kisha atumia. Yaani alitazama wajibu, si miaka. Mpango wa Inua Jamii nao, mwaka 2018, ulishika miaka 70. Njia zote mbili zina upungufu. Daraja humweka mwanamke kando. Miaka humdhulumu mzee wa Kambu ambaye kuzaliwa kwake hukumbukwa kwa njaa fulani, wala si kwa cheti. Aidha, mutumia katika Kikamba ni mzee mwanamume, ilhali katika Kikikuyu ni mwanamke aliyeolewa. Basi hojaji isiyotanguliwa na uchunguzi wa lugha haipimi uzee. Hupima maneno ya mkalimani.