Sifa za Namba Pungufu

Kuchambua namba ni ufundi wa kalamu na subira. Unaishika namba, unatafuta vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kisha unavijumlisha. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3. Jumla yake ni 6 ileile, kwa hiyo huitwa namba kamilifu. Vya 12 hufika 16, vikazidi. Vya 8 ni 1, 2 na 4, jumla 7, vikapungua kwa moja. Hii ya mwisho ni namba pungufu, na ndiyo ninayoisifu.

Nicomachus wa Gerasa, mji ulio katika Yordani ya leo, aliishi karibu mwaka 100 BK. Yeye alizifananisha namba pungufu na mnyama aliyekosa viungo. Sikubaliani naye hata kidogo. Kuanzia 1 hadi 100, namba 76 ni pungufu, 22 zinazidi, na kamilifu ni mbili tu, 6 na 28. Tena kila namba tasa ni pungufu, iwe 7, 13 au 97, kwa kuwa ukiiondoa yenyewe kigawo kinachobaki ni 1 peke yake. Na hizo tasa ndizo zinazojenga namba nyingine zote! Kiungo gani basi kimekosekana?

Uzuri wa kazi huonekana unapozidisha. Twaa 4, uizidishe kwa namba tasa yoyote iliyo witiri. Jumla ya vigawo vya zao hilo daima ni tasa hiyo mara 3, ukiongeza 7. Na 7 imetokana na 1, 2 na 4, vigawo vya 4 pamoja na yenyewe. Kwa 5 unapata 20, jumla yake 22, imezidi. Kwa 11 unapata 44, jumla 40, imepungua. Kwa 7 unapata 28, na jumla ni 28 kamili. Tasa moja ndiyo iliyoamua.

Thabit ibn Qurra, mzaliwa wa Harran aliyefariki Baghdad mwaka 901, alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha Nicomachus cha hesabu, lakini hakuishia hapo. Alitunga kanuni ya kupata namba rafiki, akaithibitisha. Ukiipa tasa 5, 11 na 71, inakupa 4×5×11, yaani 220, na 4×71, yaani 284. Vigawo vya 284 hufika 220. Vya 220 hufika 284. Ile 64 iliyopungua kwa mmoja ndiyo iliyozidi kwa mwenzake.

Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii kwa mkono kabla ya kuwapa kikokotoo. Waanze na namba witiri, moja baada ya nyingine. Watapita mamia ya pungufu bila kukutana na inayozidi, mpaka wafike 945, ambayo jumla ya vigawo vyake ni 975.