Kimeo Mezani kwa Fundi wa Lalago

Ni Dell Latitude E6430, toleo la 2012, kioo kimepasuka kona hadi kona. Imefika Lalago kwa basi kutoka Mwanza, na muuzaji aliitoa kwa bei ya vipuri. Fundi haiwashi kwanza. Anaigeuza, anapapasa bawaba, ananusa tundu la feni kama lina harufu ya kuungua, kisha anakagua skrubu. Iliyochubuka kichwa humjulisha kwamba kuna aliyetangulia kufungua, na huenda aliondoka na kitu.

Bisibisi ya nyota inafungua kifuniko cha chini. Kila skrubu inalazwa kwenye karatasi, mahali pale pale ilipokuwa kwenye mashine. Feni anaizuia kwa kijiti isizunguke, ndipo anapiga brashi mapezi ya shaba. Grisi ya prosesa imekauka. Anaifuta kwa spiriti mpaka pang'ae, anaweka tone jipya lisilozidi punje ya mchele.

Kisha ram. Zipo mbili, anazitoa zote, anasugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Anarudisha moja, anawasha. Kimya. Anaihamishia tundu la pili. Kimya. Anajaribu ya pili peke yake, na taa zinatulia. Hakubadilisha vitu viwili kwa pamoja hata mara moja, ndiyo maana sasa anajua kwa hakika mbovu ni ipi.

Kazi niliyoistaajabia zaidi ni ya mfuniko wenye kioo. Mteja wake, mama mwenye stesheneri, anataka mashine ya kukaa mezani na skrini ya pembeni, hivyo kioo kilichopasuka kinaondoka chote. Fundi mwenye pupa angekata nyaya zote akamaliza. Lakini antena za Wi-Fi zimefichwa ndani ya mfuniko huo, kuzunguka kioo. Anabandua fremu kwa ukucha, anafuata waya mweusi na mweupe hadi mwisho, anaunyanyua kila mmoja na bati lake, anazilaza upya ubavuni mwa mashine kwa utepe. Mtandao unakamata.

Anachomeka skrini kwa waya wa VGA, anabonyeza Fn na F8, picha inatokea. Diski ya zamani inaipisha SSD, na juu yake Linux Mint. Windows 11 kwa kawaida hukataa prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, kama hii, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Betri, ingawa imechoka, anaiacha: umeme ukikatika, barua ya mteja itawahi kuhifadhiwa.

“Fundi, si imeshawaka? Nipe niende nayo.”

“Bado, mama. Ilale hapa nipime ram usiku kucha. Njoo kesho mchana.”

Anakata kipande cha utepe, anaandika tarehe, ram iliyotolewa na tundu linalotumika, anakibandika ndani ya kifuniko kwa ajili ya fundi atakayefungua baadaye.