Uso wa Ali, Ulimi wa Kanali

Mwanamume mkondefu, kifua wazi, ametoka kuteswa na askari wa miavuli wa Ufaransa. Amekwisha kutaja mahali alipojificha mpiganaji Ali la Pointe. Wanampa kahawa, wanamvalisha sare yao ili akawaonyeshe nyumba, naye machozi yanamtoka. Filamu ndiyo kwanza inaanza na hajatoa hotuba yoyote, lakini macho yake yamekwisha kutueleza vita hivi vinamgharimu nini binadamu.

Filamu hiyo ni La battaglia di Algeri ya Mwitalia Gillo Pontecorvo, iliyotwaa Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice mwaka 1966. Inasimulia mapambano ya wapigania uhuru wa Aljeria katika mji wa Algiers, hasa miaka ya 1956 na 1957. Watu husifu ujasiri wake wa kisiasa, na wana haki. Mimi naisifu kwa ufundi usiotajwa sana: ufundi wa kuchagua nani asimame mbele ya kamera, kisha kuamua kamera imtazame vipi.

Karibu watu wote tunaowaona ni wakazi wa Algiers ambao hawakuwa waigizaji. Katika nafasi kubwa, mwigizaji wa kazi ni mmoja tu, Mfaransa Jean Martin, naye kapewa nafasi ya Kanali Mathieu, mkuu wa askari wa miavuli. Waongozaji wengi wangefanya kinyume. Wangemtafutia shujaa nyota, na adui akapewa yeyote anayejua kukunja uso. Pontecorvo alimpa adui mtu mwenye ufundi mkubwa kuliko wote.

Tazama kilichotokea. Kanali anazungumza kwa ufasaha wa mtu asiyewahi kukosa neno. Anawachorea maafisa wake jinsi mtandao wa FLN, chama cha wapigania uhuru, ulivyopangwa, kila mpiganaji akiwafahamu wenzake wachache tu. Waandishi wa habari wanapomhoji kuhusu mateso, anawageuzia swali: Ufaransa ibaki Aljeria au isibaki? Wakijibu ibaki, basi wayakubali na yanayofuatia. Ulimi huo ulinolewa jukwaani. Mwaka 1953, mjini Paris, Martin ndiye aliyekuwa Lucky wa kwanza katika tamthilia ya Beckett, En attendant Godot. Mwaka 1960 alitia saini tamko la wasomi na wasanii 121 wa Ufaransa waliopinga vita vya Aljeria. Mtu huyo ndiye aliyevalishwa magwanda na miwani ya jua. Hamfanyi kanali kuwa zimwi. Anampa adabu, akili, hata heshima kwa wapinzani wake, na ndiyo maana kanali anatisha. Ukatili wake unatoka kinywani mwa mtu ambaye ungeweza kunywa naye chai.

Mbele yake yupo Ali, aliyechezwa na Brahim Haggiag. Huyu hana ufasaha. Ni kijana wa mitaani aliyebadilika gerezani, siku alipoona kupitia dirisha mwenzao akipelekwa kukatwa kichwa kwa gilotini. Katika tukio hilo hasemi kitu, kamera inayafuata macho yake tu. Wapo wanaodai kwamba asiyekuwa mwigizaji hujichezea mwenyewe, mwongozaji akawa hana kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Uso mzuri ulioachwa ovyo hufa kwenye picha. Haggiag hakubebeshwa maneno ambayo yangemshinda. Amepewa kukimbia, kungoja, kugeuka, kutazama, na kila kimoja kimepimwa. Mwongozaji amejua uwezo wa mtu wake na kuujengea filamu.

Na ingeweza kuharibika. Kabla ya hapo Pontecorvo na mwandishi wake, Franco Solinas, walikuwa na wazo la filamu nyingine juu ya Aljeria, ambamo askari wa miavuli wa zamani amekuwa mwandishi wa habari, na nyota waliyemfikiria ni Paul Newman. Filamu ile haikutengenezwa. Newman ni mwigizaji ninayempenda, lakini macho yetu yangemfuata yeye kila aendako, na Waaljeria wangekuwa pazia la nyuma katika historia yao wenyewe.

Badala yake akaja Saadi Yacef. Alikuwa kiongozi wa wapiganaji wa Algiers, akakamatwa Septemba 1957, akahukumiwa kifo, akaponea chupuchupu kwa msamaha. Kumbukumbu zake za vita ndizo zilizokuwa mbegu ya filamu hii, naye akaitayarisha na kuigiza humo kama Jafar, kiongozi aliyetokana na yeye mwenyewe.

Uongozaji katika ukomavu wake ninauona katika tukio moja. Wanawake watatu wanajiandaa kutega mabomu katika mtaa wa Wazungu. Wanakata nywele na kujipamba mbele ya vioo, na tunachosikia ni ngoma. Mmoja anaingia mkahawani, anaketi, na kamera inaanza kuzunguka pamoja na macho yake: watu wanakunywa, mtoto analamba aiskrimu. Mwongozaji hatuharakishi. Anatulazimisha tuwajue watakaokufa. Kisha juu ya vifusi na maiti anaweka muziki uleule wa huzuni tuliousikia Wafaransa walipolipua nyumba ya Waaljeria usiku ndani ya Kasba, mtaa wa kale wa Waaljeria.

Mtandao uliotega mabomu hayo kwa kweli, Septemba 1956, ulikuwa chini ya Yacef. Muongo mmoja baadaye filamu ilikuwa yake, na angeweza kuagiza zikatwe nyuso zile za mkahawani. Zilibaki, na yule mtoto yumo.