Cheo cha marehemu hakivaliwi

Wandugu, kila tarehe 2 Januari siye wote tunaweka picha ya Mamadou Ndala. Mimi pia. Lakini najiuliza: tunamuheshimu, ao tunajipamba naye?

Mwaka 2013, akipigana na M23, habari zilienea kwamba Kinshasa inamwita arudi. Watu wa Goma wakashuka barabarani: huyu hatoki! Hiyo heshima naikubali, juu aliisikia angali hai, na wenye kuitoa walijitia hatarini.

Serikali nayo ilimpandisha jenerali baada ya kuuawa karibu na Beni, 2014. Ni vizuri, lakini cheo cha marehemu hakivaliwi.

Tena, Ndala hakupigana peke yake. Aliongoza batayo nzima. Nani kati yetu anaweza kutaja jina la solda mmoja tu wa batayo ile? Kumbe tunapenda shujaa mmoja, juu mmoja hatusumbui.

Picha ni bure. Mjane wa solda anazunguka na dosye, ofisi kwa ofisi. Siye wenye diplome tunajua kuandika barua. Tarehe 2 ijayo, tumwandikie hata mmoja.